Wanaotunga sera za lugha waketi kwanza darasani

Kila mwaka matokeo ya mitihani ya kitaifa yanapotangazwa, mjadala ule ule huzuka upya nchini. Kiingereza kimeshuka, Kiswahili kimeshuka, Insha imewalemea watahiniwa. Sheng hulaumiwa, simu hulaumiwa, wazazi hulaumiwa, na hatimaye lawama zote humwangukia mwalimu, ambaye ndiye asiyekuwa na kipaza sauti. Baada ya majuma mawili hivi kelele hutulia, nasi husubiri matokeo mengine ili tuanze tena.

Katika mjadala huo wote ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali ambalo, kwa maoni yangu, lilistahili kutangulia: je, ni mambo gani hasa yanayotendeka katika zile dakika 35 za somo la lugha? Ni nani anayesema, ni nani anayenyamaza, na kwa nini?

Nauliza hivi kwa kuwa sera ya lugha katika shule zetu imegeuzwa mara si haba. Tume ya Ominde, mwaka wa 1964, iliunga mkono Kiingereza kitumiwe kufundishia tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ikairudishia lugha ya eneo la shule nafasi yake katika madarasa matatu ya mwanzo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa. Katiba ya 2010 ikakitambua kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, ukaja na istilahi zake mpya. Kila mageuzi yalikuwa na hoja zake, na baadhi ya hoja hizo zilikuwa nzito. Hata hivyo, hoja zenyewe zilijengwa zaidi juu ya maoni ya waliofika mbele ya tume na juu ya hesabu za wanafunzi, walimu na alama. Darasa lenyewe, kwa sauti zake na kimya chake, halikupewa nafasi kubwa ya kutoa ushahidi.

Wataalamu wa elimu huugawa utafiti, kwa jumla, katika mafungu mawili. Upo utafiti wa kitakwimu, unaohesabu na kulinganisha, na upo utafiti wa kimaelezo, ambao mtafiti huketi mahali, hutazama, hunasa sauti, huhoji watu, huandika kwa kina aliyoyashuhudia, kisha hujaribu kueleza maana yake kwa wale wale waliokuwapo. Katika vyuo vyetu fungu hili la pili limekuwa likitazamwa kama ndugu maskini. Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuchunguza ufundishaji wa lugha huelekezwa moja kwa moja kwenye hojaji: walimu 60, shule 20, maswali ya "nakubali sana", "nakubali", "sina hakika". Majibu huingizwa katika kompyuta, majedwali yakachapishwa kwa wino mzito, tasnifu ikajalidiwa na kuwekwa rafuni.

Sina ugomvi na takwimu. Bila hesabu tusingejua kuwa kuna watoto wengi wanaofika madarasa ya juu bila kuweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Lakini hojaji ina udhaifu mmoja mkubwa katika jambo hili la lugha. Mwulize mwalimu kwa maandishi: "Wewe hutumia lugha gani katika somo la Kiingereza?" Atakujibu kuwa hutumia Kiingereza, maana ndivyo sera isemavyo, na karatasi yenyewe inanuka afisi. Kiweke kinasa sauti darasani mwake nawe utamsikia, kabla ya dakika kumi kwisha, akifafanua neno gumu kwa Kikamba, akimkemea mtukutu kwa Kiswahili, kisha akirejea Kiingereza kana kwamba hakukitoka. Mwalimu huyo si mwongo. Kubadili lugha kwake ni kama kubadili mkono anaposhika chaki. Hata hajui kwamba amefanya hivyo. Jedwali litasema asilimia kadhaa ya walimu hutumia Kiingereza pekee, nasi tutatunga sera kwa ajili ya madarasa yasiyokuwapo.

Wenzetu waliojifunza jambo hili kabla yetu walilipia karo. Mwaka wa 1964, Scherer na Wertheimer walichapisha matokeo ya jaribio refu katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani. Wanafunzi wa Kijerumani waligawanywa makundi mawili: moja likafundishwa kwa mbinu mpya ya wakati huo, ya kusikiliza na kurudia kwa mdomo, na jingine kwa njia ya zamani ya sarufi na tafsiri. Baada ya miaka miwili ikaonekana kwamba, kwa jumla, hakuna kundi lililolipita jingine kwa kiasi cha kujivunia. Hawa waliwashinda kidogo wale katika kusema, na wale wakawashinda hawa katika kuandika na kutafsiri. Jaribio jingine kubwa zaidi lililofanywa katika shule za upili za jimbo la Pennsylvania mwishoni mwa miaka ya 1960 nalo halikuipa mbinu mpya ushindi uliotarajiwa. Hapo ndipo baadhi ya wasomi walipoanza kujiuliza: tumelinganisha majina ya mbinu, lakini je, tunajua walimu walifanya nini mlango ulipofungwa?

Hatua ya kwanza waliyoichukua ilikuwa kwenda darasani na fomu. Fomu mashuhuri ni ile ya Flanders, iliyokuwa na visanduku kumi, na mchunguzi alitakiwa kutia alama kila baada ya sekunde tatu: mwalimu anauliza, mwalimu anasifu, mwanafunzi anajibu, na kadhalika. Ilikuwa kazi safi. Lakini kitazame kisanduku cha kumi. Humo ziliwekwa pamoja hali mbili: kimya na vurugu. Yeyote aliyewahi kufundisha lugha ya pili atashangaa. Kimya cha mtoto anayelitafuta neno, kimya cha mtoto anayeogopa kuchekwa, kimya cha mtoto asiyeelewa hata aliloulizwa, na kelele za darasa lililomshinda mwalimu, vyote vikapewa alama moja.

Kimya ndicho kilichomshughulisha Susan Philips, aliyewachunguza kwa muda mrefu watoto wa Wahindi Wekundu, wenyeji wa asili wa Marekani, katika makao ya Warm Springs, jimbo la Oregon. Walimu waliwaona watoto hao kuwa wazito, wasiopenda kujibu. Philips hakuishia darasani. Alifuatilia pia jinsi watoto hao walivyolelewa na kufunzwa nyumbani, akagundua kwamba huko mtoto hutazama kwa muda, hujaribu kando peke yake, kisha huonyesha anachokijua akiwa tayari. Shule ilimtaka asimame mbele ya wote na kukosea hadharani kabla ya kujua. Mtoto yule yule aliyekuwa bubu mbele ya darasa alisema bila taabu alipofanya kazi na wenzake katika kikundi kidogo. Hakuna mtihani ambao ungeligundua hilo. Mtihani ungeandika sifuri na kupita.

Karibu nasi zaidi, Keith Chick wa Afrika Kusini alichunguza somo la hisabati lililofundishwa kwa Kiingereza huko KwaZulu zama za ubaguzi wa rangi, akachapisha uchambuzi wake mwaka wa 1996. Darasa lilikuwa lenye uhai, la kuvutia sikio: mwalimu anasema, wanafunzi wanaitikia kwa pamoja, mdundo haukatiki. Mgeni angesifu. Chick alipoyachunguza maneno yenyewe kwa makini aliona kwamba kuitikia huko hakukuonyesha kuwa wanafunzi wameelewa. Kulimkinga mwalimu, ambaye Kiingereza chake mwenyewe hakikuwa imara, na kuwakinga wanafunzi, wote wakatoka darasani bila aliyeaibika. Aliyaita mazungumzo hayo ya usalama. La kuzingatia zaidi ni kwamba alikataa kuutaja utamaduni wa Wazulu kuwa ndio chanzo. Chanzo, alisema, ni mfumo uliowaweka mwalimu na wanafunzi katika hali ambayo heshima yao ilikuwa hatarini kila dakika.

Kenya nayo haikukosa watafiti wa namna hii. Dkt Grace Bunyi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, katika sura aliyochapisha mwaka wa 2005 kuhusu matumizi ya lugha katika madarasa yetu, ameonyesha kuitikia huko huko na kurudiarudia huko huko. Kabla yake, mwaka wa 2001, Ackers na Hardman walichapisha uchambuzi wa masomo ya Kiingereza, hisabati na sayansi waliyoyanasa kwa video katika shule za msingi za Kenya, nao wakakuta maelezo ya mwalimu na majibu ya kukariri yametawala. Kazi hizi zipo. Swali ni je, nani katika afisi zinazoamua mambo amezisoma? Isitoshe, nyingi zimeshughulikia Kiingereza. Kiswahili, ambacho kwa watoto wengi wa nchi hii ni lugha ya pili au ya tatu, tunakichukulia kuwa kinajifundisha chenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilipata idhini ya kuketi, kwa sehemu ya muhula, katika darasa la tano la shule moja ya msingi iliyo mbali sana na pwani. Somo nililoliandika kwa ukamilifu zaidi lilihusu ngeli. Mwalimu, mwanamke mchangamfu aliyeheshimika kijijini, alisema: "Ufa. Wingi wake ni nyu...?" Darasa likamalizia: "Faaa!" "Uso, nyu...?" "Sooo!" Ikawa hivyo, neno baada ya neno, na kila baada ya maneno matano akauliza, "Tumeelewana?" nao wakajibu, "Ndiyo, mwalimu!" Nilirudia kusikiliza ukanda ule mara tatu. Katika somo zima hakuna mtoto aliyetamka peke yake sentensi moja kamili ya Kiswahili. (Naam, nilihesabu, hata sisi wa maelezo huhesabu pale hesabu inapofaa.)

Wakati wa mapumziko, msichana mmoja ambaye midomo yake ilikuwa ikicheza tu darasani alinijia, akanionyesha tangi la maji la shule. "Hii tangi iko na ufa hapa," akaniambia, "usiku maji inamwagika yote, tunakuja asubuhi tunapata hakuna." Mwalimu wa sarufi angeitilia sentensi hiyo wino mwekundu mara tatu au nne. Lakini neno "ufa" alilijua, na alijua kulitumia kwa jambo lililomkera. Darasani hakuulizwa kuhusu ufa wowote ulioko duniani.

Kama ningekuwa na fomu ya mkaguzi ningeandika: "Mbinu duni, wanafunzi hawashirikishwi." Ningetia sahihi na kuondoka. Badala yake niliketi na mwalimu huyo alasiri, nikamchezea sehemu ya ukanda, nikamwuliza anaonaje. Alicheka kwanza, kisha akanyamaza. Akaniambia: "Nikimwuliza mmoja mmoja, tutakuwa kwenye ukurasa huu mpaka Agosti, na mtihani hautanisubiri. Tena akikosea, wenzake watamcheka, na huyo hatafungua kinywa tena mwaka mzima." Watoto walikuwa zaidi ya 60, na kitabu kimoja kwa kila wanne. Sababu yake ya kwanza ilitokana na mtihani. Ya pili ilitokana na huruma. Mpeleke mwalimu huyo kwenye semina ya siku tatu, umhubirie ufundishaji unaomlenga mwanafunzi, arudi na cheti: bado atakuta watoto wale wale, kitabu kile kile na kicheko kile kile. Ndiposa semina zetu hazizai matunda. Zinatibu tabia bila kujua tabia hiyo inamfanyia mwalimu kazi gani.

Huenda msomaji akasema kwamba walimu wetu hutazamwa darasani mara kwa mara. Ni kweli. Mfumo wa Tume ya Huduma kwa Walimu wa kutathmini utendaji unataka masomo yashuhudiwe na kutiwa alama. Katika mradi wa Tusome, uliosambazwa nchini kote kuanzia mwaka wa 2015, maafisa walizuru shule wakiwa na kompyuta ndogo za mkononi, wakatazama masomo na kupima mtoto anasoma maneno mangapi kwa dakika. Mradi huo ulikuwa na manufaa yake, nami siyapuuzi. Lakini kumtazama mtu ili umpime na kumtazama ili umwelewe ni mambo mawili. Mwalimu anapojua kuwa anapimwa, hukuonyesha somo la wageni. Katika shule nyingine niliyoizuru, nilifunua daftari la mtoto aliyeketi kando yangu wakati mwalimu akiendelea kufundisha, nikakuta zoezi lile lile limeshafanywa na kusahihishwa, tarehe ya jana ikiwa juu ya ukurasa. Watoto walijibu kwa ufasaha wa kustaajabisha.

Hapa ndipo wapinzani wa utafiti wa kimaelezo hudaka hoja. Husema: ikiwa kuwapo kwako kunabadilisha darasa, utaaminikaje? Mwanaisimu William Labov aliitaja shida hii zamani: twataka kujua watu husemaje wakati hawachunguzwi, ilhali njia ya kujua ni kuwachunguza. Jibu halimo katika kujificha. Limo katika kukaa. Siku ya kwanza utaonyeshwa somo la wageni. Siku ya pili pia. Ifikapo juma la tatu mwalimu amechoka kuigiza na watoto wamekuzoea kama dirisha. Halafu unachokisikia unakilinganisha na madaftari, na mahojiano, na mazungumzo ya uwanjani, na unamrudishia mwalimu maandishi yako akukosoe. Leo van Lier, katika kitabu chake cha 1988 kuhusu ethnografia ya darasa la lugha ya pili, alisisitiza kwamba darasa lieleweke kwanza kwa jinsi lilivyo kabla ya kuambiwa liwe vipi.

Wengine husema kwamba shule moja si Kenya. Nakubali. Lakini hakuna anayedai kwamba darasa moja la Kitui lawakilisha madarasa yote. Linaloweza kusafiri kutoka darasa moja hadi jingine ni maelezo ya jinsi jambo linavyotendeka: hofu ya kuchekwa, mbio za kumaliza muhtasari, mwalimu anayefundisha lugha ambayo naye anaiogopa. Ukishayajua hayo, basi mwite mwenye takwimu akuhesabie yameenea kiasi gani. Kwa sasa tunamtuma ahesabu kabla hatujajua cha kuhesabiwa.

Hata hivyo, sitaki kuupaka utafiti huu rangi usiyo nayo. Ni kazi ngumu. Saa moja ya ukanda hula saa sita au zaidi za kunukuu, na darasa la lugha tatu hula zaidi. Anayechunguza shule ya Turkana bila kujua Kiturkana atasikia nusu ya somo. Ruhusa lazima ipatikane kwa tume ya kitaifa ya sayansi, NACOSTI, kwa shule, na kwa wazazi, maana sauti ya mtoto si mali ya mtafiti. Pia pana hatari ya ukanda kuangukia mikononi mwa afisa anayetafuta wa kuadhibu. Mtafiti asiyeweza kumhakikishia mwalimu usiri afadhali abaki nyumbani. Na siku hizi ninaanza kuziona tasnifu zinazojiita za ethnografia ambazo mwandishi wake alizuru shule mara mbili, asubuhi, akanukuu sentensi nne za walimu ili kuupamba uamuzi alioufikia kabla ya kupanda matatu. Afadhali hojaji.

Nayapendekeza mambo machache. Kwanza, wakuu wa idara za elimu katika vyuo vikuu wawaachie wanafunzi wa uzamili wachunguze darasa moja kwa muhula mzima, na wasiulizwe kwa dhihaka, "Sampuli yako ni ngapi?" Pili, wanafunzi wa vyuo vya ualimu wafunzwe kunasa masomo yao wenyewe wakati wa mazoezi ya kufundisha, kunukuu dakika kumi tu, na kuandika shajara. Richard Schmidt, mwanaisimu wa Marekani, aliweka shajara alipokuwa akijifunza Kireno huko Brazil, na makala aliyoichapisha pamoja na Sylvia Frota mwaka wa 1986 yangali yanasomwa: mwanafunzi mmoja, nafsi yake mwenyewe, na daftari. Walimu wetu wanashindwaje?

Tatu, na hili naielekezea Taasisi ya Ukuzaji Mitaala pamoja na Wizara ya Elimu: kabla ya muhtasari mwingine wa Kiswahili au Kiingereza kuchapishwa, wateuliwe watafiti wajuao lugha za mahali, wapelekwe katika shule chache zilizo tofauti, mathalani ya Lodwar, ya Kwale, ya Kibera na ya Bomet, wakae huko muhula mmoja, na maandishi ya masomo waliyoyasikia yasomwe mezani na wale wanaoandika muhtasari, majina ya walimu na watoto yakiwa yameondolewa. Hakuna haja ya kununua mitambo. Kinasa sauti kimo ndani ya simu iliyo mfukoni mwa mwalimu. Kinachokosekana ni saa chache kwa juma za kusikiliza kilichonaswa na kukizungumzia na mwenzake, na saa hizo haziwezi kupatikana kwa mwalimu mwenye vipindi asubuhi hadi jioni mpaka anayepanga ratiba yake azitenge.